Maswali ya Wasomaji: Je, Nitabatizwa Upya?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nilibatizwa katika Kanisa Anglikana hapa Masasi, na mchumba wangu ni Mkatoliki wa Ndanda. Nikihamia kwao, nitabatizwa upya?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Ubatizo wa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu unatambuliwa na pande zote mbili, hivyo utaonyesha cheti chako, utapata mafundisho, kisha utakiri imani na kupewa kipaimara. Utengano uko altareni: mwaka 1896 Papa Leo XIII alitamka kuwa daraja takatifu za Kianglikana (yaani ushemasi, upadre na uaskofu) ni batili, ingawa ubani uliopendwa na wamisionari wa UMCA, chama cha kimisionari cha Kianglikana, waliofika Masasi mwaka 1876, unaweza kumfanya mgeni wa Ndanda adhani yuko kwao. Kwa ndoa pekee hulazimiki kuhama. Paroko ataomba kibali kwa askofu.