Kabla Hujapakia Nota za Piano, Soma Mstari wa Chini

Msomaji mmoja ameuliza: amepata nota za "Variations on Balkan Themes", kazi ya piano ya mtunzi wa Marekani Amy Beach, je, anaruhusiwa kuziskani na kuzigawa bure mtandaoni? Hakusema ni toleo lipi, na jibu lote limelala hapo. Arthur P. Schmidt wa Boston aliichapisha kazi hiyo mwaka 1906. Mwaka 1936 ikatoka tena ikiwa imerekebishwa. Toleo la 1906 ni huru Marekani, halina ubishi. La 1936 linahitaji kuchunguzwa kwanza.

Jalada lisikudanganye, kwa sababu wachapishaji walilitumia lilelile miaka nenda miaka rudi. Fungua ukurasa wa kwanza wa muziki, utazame chini kabisa. Hapo ndipo penye mwaka wa hakimiliki na jina la mchapishaji, pamoja na namba ya bamba la uchapaji, ambayo hurudiwa chini ya kila ukurasa. Anayekusanya nota za watunzi wa Marekani wasiojulikana sana bila kusoma mstari huo anajaza simu tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mwaka tulio nao, toa 96. Muziki uliochapishwa mwaka unaoupata, au kabla yake, umekuwa mali ya umma Marekani. "In the Bottoms" ya mtunzi R. Nathaniel Dett, iliyotolewa Chicago na Clayton F. Summy mwaka 1913, imepita zamani. Lakini ukiwa na kitabu cha mwaka 1973 kilichokusanya kazi zote za Dett za piano, maneno ya utangulizi yaliyomo ni ya 1973. Yaache, skani muziki wa zamani peke yake.

Kwa muziki uliochapishwa baada ya mwaka ulioupata kwa hesabu hiyo, hadi 1963, sheria ilimtaka mwenye haki aandikishe upya hakimiliki katika mwaka wa 28. Asipofanya hivyo, ilikufa. Kwa toleo la 1936, tafuta orodha za hakimiliki za serikali ya Marekani za 1963 na 1964, zote mbili. Orodha hizo zimeskaniwa na ni bure mtandaoni. Usitafute kwa jina la mtunzi tu: mara nyingi aliyeandikisha upya ni mjane, mtoto au kampuni. Tafuta pia kwa jina la kazi. Ukiikuta imeandikishwa, toleo la 1936 linalindwa hadi mwisho wa 2031.

Tanzania na Kenya zinahesabu tofauti: uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Beach alifariki 1944, kwa hiyo kwetu kazi zake ziko huru tangu 1995. Hilo linakusaidia kuzipiga na kuzinakili hapa nyumbani. Ukizipakia kwenye seva iliyoko Marekani, sheria ya huko ndiyo inayokuhusu, na kusema "kwetu inaruhusiwa" hakutazuia faili kuondolewa.

Miswada ni habari nyingine. Mwaka 2009 rundo la karatasi za mtunzi Florence Price lilipatikana katika nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois. Price alifariki 1953. Mswada wake ambao haukuwahi kuchapishwa ulitoka kwenye hakimiliki ya Marekani mwisho wa 2023, yaani miaka 70 baada ya kifo. Lakini uliochapishwa kwa mara ya kwanza kati ya 1978 na 2002 unalindwa hadi mwisho wa 2047. Vipande viwili vya mkono mmoja, vya mwaka mmoja, kimoja ruksa na kingine marufuku. Kwa hiyo usipakie folda nzima kwa pupa.

Pa kutafuta ni pengi. Maktaba ya muziki ya Sibley, huko Rochester, Marekani, imeweka wazi maelfu ya nota ilizoskani. Gazeti la The Etude, lililodumu kuanzia 1883 hadi 1957, lilikuwa na vipande vya piano katika matoleo yake, vingi vya watunzi ambao leo hakuna anayewataja. Ukinunua toleo la zamani, muulize muuzaji kwanza kama kurasa za muziki zimo. Wanafunzi walizichomoa ili ziende kwenye piano. Kazi za Wa-Wan Press, shirika la uchapishaji la mtunzi Arthur Farwell la 1901 hadi 1911, zilichapwa upya mwaka 1970 katika juzuu tano, kwa hiyo usitoe pesa nyingi kwa karatasi za awali kama unachotaka ni kupiga tu.

Sasa skana. Kioo cha skana ya kawaida kina upana wa sentimita 21.6 na urefu wa 29.7. Nota za Marekani za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mara nyingi hufika sentimita 27 kwa 35, na hata zile ndogo zilizofuata, za inchi 9 kwa 12, zinazidi kioo. Kinachokatwa ni nini? Mstari wa chini, uleule. Tafuta skana ya A3, au skani kila ukurasa kwa vipande viwili uviunganishe.

Nota zilizochapwa ziskani kwa nukta 600 kwa inchi, nyeusi na nyeupe tupu. Miswada ya penseli iskani kwa rangi ya kijivu, nukta 400 zinatosha. Ukizidisha weusi, tumbo la minimu (nota ya kichwa kitupu) linajaa na kugeuka krocheti (nota ya kichwa cheusi), na alama ya nachuro inafanana na ya shapu. Ukizidisha weupe, mistari inakatika na nukta za stakato (za kupiga nota kwa mkato) zinapotea. Zima kabisa kifuta-madoa cha programu, maana hakijui tofauti ya stakato na kinyesi cha nzi. Safisha kwa mkono, ukurasa umekuzwa, na uwe macho upande wa kulia wa vichwa vya nota: doa likikaa hapo, mpigaji atalisoma kama nukta inayoongeza nusu ya urefu wa nota, na kipimo kitazidi hesabu.

Karatasi za miaka hiyo zina asidi, zinavunjika pembeni. Usizinyooshe kwa nguvu wala kubandika selotepu. Pini zenye kutu zitoe kwanza.

Faili lipewe jina la mtunzi, kazi, mchapishaji, mwaka na namba ya bamba. Na tafadhali, wale wanaochukua skani za wenzao, wakakata mstari wa chini na kubandika nembo zao katikati ya mistari ya nota, waache. Hiyo ni kuharibu, tena kwa ajili ya jina tu.

Skani na jalada la nyuma. Wachapishaji walilijaza matangazo ya kazi nyingine za mtunzi huyohuyo, na bei zake kwa senti, na baadhi ya majina yaliyomo hutayakuta kwenye katalogi yoyote ya mtandaoni.