Muulize Shangazi: Bei inapangwa Manila, nyumba unajenga wewe

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni kijana naishi Pasua hapa Moshi, kazi yangu ni ya onlaini, nasikiliza rekodi za mikutano ya wazungu naandika wanachosema. Nilivyoanza ilikuwa inalipa mpaka nikaoa, saivi bei imeshuka hadi naona aibu kuitaja, nikimwambia klaienti aongeze ananijibu kuna mtu Ufilipino anafanya kwa nusu ya hiyo na kuna programu ya akili mnemba inafanya bure kabisa. Sasa mzee kanigawia kipande kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, huko Kibosho. Mke wangu anataka vyumba vinne na bati la msauzi kama kwa kaka yangu aliyeko Dar, mi nawaza vyumba viwili vya tofali za kufungamana, zile za udongo zinazoshikana zenyewe, nimalize bila mkopo. Kaka anacheka, anasema bibi alikaa nyumba ya udongo, wazee wakahangaika tukatoka huko, alafu mi nataka kurudi hukohuko. Nichukue mkopo au nijenge kidogo? Kijana wa Pasua.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na huyo wa Ufilipino maana naona umemkasirikia bure. Kazi yako inapita kwenye waya, na kitu kinachopita kwenye waya kinagombewa na kila mwenye waya. Huyo dada wa Manila naye analia vilevile, anaambiwa kuna vijana huko Afrika Mashariki kodi ya chumba kwao ni ndogo wanachukua chini ya hapo. Yani wewe ndo Manila ya mtu mwingine, na kule Marekani kuna mama aliyekuwa anafanya kazi hiyohiyo kwa malipo mara nyingi ya yako, ikamtoka, ikaja Pasua, ukaoa. Hukumwonea huruma na sikulaumu, ulimjulia wapi.

Kuna mchumi anaitwa Branko Milanovic, yeye alipanga watu wa dunia nzima kuanzia maskini hadi tajiri akaangalia kipato chao kilivyokwenda kati ya 1988 na 2008. Waliopanda sana ni wa katikati, wengi wao Waasia hasa Wachina, pamoja na matajiri wa juu kabisa. Waliobaki karibu palepale ni wafanyakazi wa kawaida wa nchi tajiri. Wale wa chini kabisa, na Waafrika wengi wako humo, nao hawakupata mgao kama wa Waasia. Kwahiyo hayo mashindano yapo kweli na yana walioshinda, ila usidhani ni wewe na dada wa Manila mnanyang'anyana wakati faida kubwa imeshapita juu yenu.

Na kwetu mlimani hili si geni, waulize wazee wa Kibosho habari ya kahawa. KNCU, chama chetu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kilianza 1933 na kahawa ikajenga shule na makanisa na kusomesha watu mpaka wakasahau kushika jembe. Miaka ile kulikuwa na mkataba wa kimataifa unaogawa kila nchi iuze kiasi gani nje, 1989 ule mgawo ukavunjika bei ikaporomoka, alafu Vietnam wakapanda robusta, aina nyingine ya kahawa, kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea, kufika mwaka 2000 hivi wakawa wa pili duniani nyuma ya Brazili. Sisi tunalima arabika ndio, lakini wanunuzi wakubwa walipopata robusta ya bei chee wakaiongeza kwenye mchanganyiko wao, na 2001 bei ya kahawa duniani ikawa ya kutupwa. Watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya. Hakuna mzee hata mmoja aliyekuwa amekosea kupalilia.

Sasa linganisha na mwalimu wa shule ya msingi hapo Kibosho. Mshahara wake haupangwi Manila, unapangwa Dodoma, Mei Mosi ya 2025 Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kitoke 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Hata wagumu wetu wanaobeba mizigo ya wageni mlimani, wananyonywa sana sikatai, lakini angalau Kilimanjaro haiwezi kuhamishwa ikapelekwa nchi yenye vibarua rahisi. Nakwambia hivi ili ujue kazi yako iko upande gani, na kama unaweza taratibu usogeze nusu ya kipato chako kwenye kitu ambacho lazima mtu awepo hapa kukifanya, sogeza. Kampuni za utalii hapo mjini zinahitaji mtu wa kuandika Kiingereza kizuri anayejua pia kwamba barabara ya Machame ikinyesha inakuwaje.

Haya, nyumba. Bei yako inashikiliwa na vitu viwili tu. Cha kwanza ni kile klaienti anachoweza kupata kwa mwingine, hapo huna mamlaka na hutakuwa nayo. Cha pili ni pale ambapo wewe huwezi kushuka zaidi maana ukishuka mwezi hauishi, na hapo mwanangu una mamlaka kubwa kuliko unavyofikiri. Mwenye rejesho la benki la kila tarehe tano anapokea kazi yoyote kwa bei yoyote, usiku wa manane, maana benki haina habari na Manila. Mwenye vyumba viwili visivyodaiwa anaweza kusema hapana, akakaa wiki tatu akifundisha watoto wa jirani tuisheni au akihudumia migomba, akasubiri klaienti mwenye akili. Kwa mtu ambaye kipato chake kinapanda na kushuka kwa uamuzi wa watu asiowaona, mkopo wa nyumba wa miaka mingi ni kujifunga kamba mwenyewe. Mwalimu mwenye mshahara wa uhakika naweza kumruhusu. Wewe sikuruhusu.

Ila sikiliza hapa maana ndipo wengi wanapoharibu. Ukishamaliza hiyo nyumba nafuu, usimwambie klaienti! Unafuu wako si wa kumpunguzia yeye bei. Nimeona watu wanajisifu "mi naishi kijijini gharama ndogo naweza kufanya kwa kidogo", basi kile walichookoa kwenye nyumba kinaishia mfukoni kwa mtu wa London. Kaa kimya, toza kama unaishi Njiro kwa wenye nazo kule Arusha. Na akija mwajiri yeyote au mwanasiasa kukuambia maisha ya kawaida ni matamu kwahiyo mshahara mdogo unakutosha, mwambie aanze yeye.

Kuhusu kaka yako. Tunazijua hizo nyumba za Desemba, ziko Marangu, ziko Rombo, ziko Machame, ziko kwenu. Vyumba sita, nguzo za mbele kama benki, alafu miezi kumi na moja anakaa mlinzi na mbwa. Siwacheki, mtu aliyetoka kwenye shida anataka kijiji kimuone, na mimi mwenyewe napenda Krismasi kukiwa kumejaa. Ila hiyo ni nyumba ya kuonwa, wewe unauliza nyumba ya kukaa, na kaka yako analinganisha vitu viwili ambavyo havifanani. Shida ya nyumba ya bibi haikuwa udongo. Ilikuwa moshi wa kuni unaojaa ndani hadi macho yanauma, ng'ombe kulala humohumo, sakafu yenye unyevu mwezi wa saba kwenye baridi la mlimani, maji ya kubeba kichwani, choo mbali gizani. Vyumba viwili vyenye maji ndani, choo kizuri, jiko lenye dohani au gesi, sakafu iliyoinuka na meza yenye taa ya mtoto kusomea, hayo ni maisha ya juu kuliko vyumba sita ambavyo boma limesimama miaka minane bila paa wakati mwenyewe amepanga chumba kimoja Majengo.

Na vyumba viwili si lazima viwe vya mwisho. Mwambie fundi mchoro achore nyumba ya vyumba vinne, ujenge nusu ya kwanza iliyokamilika na paa lake, upande wa kuendelezea aache meno ukutani na paa lipangwe ili kuongeza kusilazimishe kubomoa. Mkeo mwonyeshe huo mchoro wa vinne kabla hujamwonyesha wa viwili. Nina hakika kabisa hajaomba msauzi kwasababu ya kupenda bati, ameomba asichekwe na mashemeji, na hilo linatibiwa na wewe kumsemea mbele ya kaka yako, saruji haihusiki. Kwanza umeshakaa naye ukamfungulia laptopu akaona bei zilivyoshuka, au anajua tu kwamba "kazi ipo ipo"? Mwonyeshe.

Jambo la mwisho hapo: hicho kipande cha kihamba mzee agawe mbele ya ukoo na mashahidi, iandikwe, na ofisi ya kijiji wajue. Ndugu ni ndugu hadi umwage msingi.

Habari ya tofali zenyewe soma jibu la mama wa Usa River chini.

SWALI: Shangazi habari za kazi. Mi fundi cherehani Ngarenaro Arusha, mtu anaenda Kilombero ananunua gauni la mtumba kwa hela ndogo kuliko ninayotoza kushona tu, bado kitambaa. Kwanini serikali isipige marufuku tushindane sawa? Fundi wa Ngarenaro.

JIBU: Nzuri fundi wangu. Walijaribu. 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mitumba na viatu vya mitumba viondoke taratibu hadi 2019, Wamarekani wanaouza hizo nguo wakalalamika kwa serikali yao, ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA, ile sheria yao inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani, Tanzania, Kenya na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na 2018 nguo zao zikasimamishwa kwenye ile nafuu. Lakini hata tungekaza sote, nani alikwambia nafasi ya mtumba ungeipata wewe? Ingejazwa na nguo mpya za China, kwasababu tangu Januari 2005 ule mgawo wa dunia uliokuwa unapanga kila nchi iuze nguo na vitambaa kiasi gani kwa nchi tajiri uliondolewa na viwanda vikubwa vikaachiwa uwanja. Kiltex, kile kiwanda cha nguo hapo Arusha kilichofungwa, mnaikumbuka, na General Tyre nayo iliyokuwa inatoa matairi ikasimama 2009. Mashine zilikuwepo, watu walikuwepo.

Kwahiyo ushauri wangu usishone kinachoshonwa duniani. Gauni la kawaida waachie. Wewe shona kinachohitaji mwili wa mteja kuwa mbele yako na tarehe isiyosubiri: send-off, kipaimara, sare za kwaya, sare za shule ya pale mtaani ambazo ukikosea mzazi anarudisha siku hiyohiyo. Na huo mtumba ufanye rafiki, anayenunua koti zuri la saizi kubwa Kilombero anahitaji fundi wa kulipunguza, weka kibao kabisa. Swali lako halikuhusu nyumba ila nalo naligusa, kama hiyo fremu unalipa kodi kwa mwaka mzima mbele alafu miezi mitatu hakuna sherehe, angalieni mafundi watatu mpange moja.

SWALI: Shangazi, fundi ananiambia tofali za kufungamana hazitaki saruji kabisa na udongo wowote unafaa, hata huu mweusi wa shambani kwangu. Nimuamini? Mama wa Usa River.

JIBU: Hapana mama, usimuamini. Zinatumia saruji, ila kidogo, kawaida kati ya asilimia 5 na 10 ya mchanganyiko, udongo ukiwa mbaya unakula zaidi. Unafuu unapatikana kwasababu hazichomwi, kwahiyo hamna kuni, na kati ya tofali na tofali hamna mota nyingi, na nje unaweza kuziacha bila plasta. Hata kwa mazingira ni heri, kutengeneza saruji kunachangia kama asilimia 8 ya hewa ukaa inayotoka kwenye shughuli za binadamu duniani, na tofali za kuchoma ndo hizo zinamaliza miti yetu.

Udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika usiuguse, wala ule wa juu wenye mizizi. Chimba chini yake utafute wenye mchanga mwingi na mfinyanzi wa wastani. Pima hivi, tia udongo kwenye chupa ya kioo nusu, jaza maji, tikisa sana, iache hadi kesho, mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Ukiona mfinyanzi umetawala chupa, ongeza mchanga au hama shimo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamekuwa na mashine za mkono za kufyatulia na wamefundisha vikundi vya vijana, ulizia kama bado wanatoa huduma hiyo kabla ya kumlipa mtu.

Zikishafyatuliwa zikae kivulini, zifunikwe nailoni na kumwagiwa maji kila siku angalau wiki moja hadi mbili, hapa ndipo mafundi wenye haraka wanaua nyumba za watu. Zile zilizokauka juani siku tatu utazisaga kwa kidole. Msingi uwe wa mawe, maana mawe ya volkano hapo kwenu si shida, uinuke vizuri juu ya ardhi maji yasipande ukutani. Mstari wa kwanza wa tofali ukae kwenye pima maji kwelikweli, ukipinda huo hamna mota ya kusahihisha juu yake na ukuta wote utafuata. Ringi bimu, ule mkanda wa zege na nondo unaozunguka juu ya kuta, usiiruke hata ukiambiwa nyumba ni ndogo. Paa litoke nje ya ukuta zaidi ya nusu mita, na mfereji wa bati umwage kwenye tenki.

Na huyo fundi wako mwambie akupeleke kwenye nyumba aliyoijenga ikapitia masika mawili. Akianza kukwepa tafuta mwingine.