Maswali na Majibu: Masomo ya Utabibu

Mwanangu amemaliza kidato cha nne na kupata Biolojia C, Kemia D, Fizikia F, Kiswahili B, Uraia C. Anataka kusomea utabibu. Kuna mtu anasema kipo chuo kitakachompokea hivyo hivyo, mradi tulipe ada mapema. Tulipe?
*Mama, Iringa*

Mama, msilipe. Stashahada ya utabibu Tanzania Bara inadai angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, na matatu kati yake lazima yawe Biolojia, Kemia na Fizikia. B ya Kiswahili haizibi pengo la Fizikia. Chuo kinaweza kumpokea, kumvalisha koti jeupe na hata kumfundisha, lakini NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya aina hii, wakihakiki majina ya waliodahiliwa, la kwake litakwama. Bila cheti kinachotambulika hapati leseni ya Baraza la Madaktari la Tanganyika, na bila leseni hakuna kazi.

Arudie Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. D inaanzia alama 30, na kijana aliyepata C ya Biolojia anaweza kuifikia akijipanga.

Akiwa anajiandaa, someni mwongozo wa udahili ambao NACTVET huutoa kila mwaka. Kila chuo kilichosajiliwa kimo na namba yake ya usajili. Za vyuo vya afya huanza na REG/HAS. Chuo kisichomo, achaneni nacho. Kilichomo, kiulizeni jambo hili kabla ya habari za mabweni: wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani, na wanaingia wangapi wodini kwa zamu moja? Wakijazana ishirini kwenye kitanda kimoja, mwanao ataona migongo ya wenzake tu. Masomo yenyewe ni ya miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6 katika mfumo wa taifa wa tuzo za ufundi (NTA), na anayeishia ya 5 anakuwa tabibu msaidizi.

Niko mwaka wa pili. Darasani nafanya vizuri, ila kwenye mtihani wa vitendo naanguka stesheni mbili: kuhesabu pumzi za mtoto na kukokotoa dozi ya dawa ya maji. Nakosea wapi?
*Mwanafunzi, Mtwara*

Mdogo wetu, stesheni hizo mbili zinaangusha wengi, na karibu kila mara sababu ni haraka.

Tuanze na pumzi. Hesabu kabla hujamgusa mtoto. Ukitanguliza kipimajoto atalia, na pumzi za mtoto anayelia hazikufai kitu. Abaki mapajani kwa mama yake, mama apandishe nguo, nawe uchague sehemu moja ya kutazama, pale kifua kinapokutana na tumbo. Hesabu sekunde 60 kamili. Wengi huhesabu sekunde 15 kisha huzidisha kwa nne, na hapo ndipo wanapoharibu, kwa sababu kosa la pumzi moja linageuka kuwa la pumzi nne. Mtoto wa miezi 18 anayevuta pumzi 38 kwa dakika anaweza kukupa 9 au 10 katika sekunde hizo 15. Ukipata 9 utaandika 36. Ukipata 10 utaandika 40, na 40 ndiyo mpaka wa kupumua haraka kwa umri wa miezi 12 hadi chini ya miaka 5. Mtoto ni yuleyule: kwa hesabu ya kwanza anarudi nyumbani, kwa ya pili anapewa antibayotiki ya nimonia. Kwa miezi 2 hadi chini ya 12 mpaka ni 50. Chini ya miezi 2 ni 60, na ukipata 60 au zaidi, hesabu tena kabla ya kuandika.

Sasa dozi. Mtoto ana kilo 12 na parasetamo ni miligramu 15 kwa kila kilo, kwa hiyo anahitaji miligramu 180. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Gawanya 180 kwa 120 upate 1.5, halafu zidisha kwa 5: mililita 7.5. Wengi huishia kwenye 1.5 na kuiandika kama mililita, na mtoto anapata moja ya tano ya dawa yake. Kabla ya kuandika jibu jiulize: ninachohitaji kimezidi kilichomo kwenye mililita 5? Kama kimezidi, jibu haliwezi kuwa chini ya mililita 5.

Na soma lebo kila mara, hata kama chupa inafanana na ya jana. Ipo parasetamo ya miligramu 250 katika mililita 5. Kwa chupa hiyo, dozi ya mtoto huyo ni mililita 3.6. Ukimpa 7.5 kwa mazoea, umempa miligramu 375, zaidi ya mara mbili. Mpime uzito mwenyewe, usikisie kwa umri, na dawa ipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya nyumbani havilingani.

Nilikuwa tabibu Tanzania, sasa naishi Marekani. Nimeshauriwa nisomee kazi ya "medical assistant". Ni kazi ileile?
*Msomaji, Ohio*

Hapana, ndugu. Huko hutagundua ugonjwa wala kuandika dawa. Utapima presha na joto, utafanya kipimo cha umeme wa moyo, utatoa damu pale sheria ya jimbo inaporuhusu, na utashughulikia kumbukumbu za wagonjwa na bima. Eneo hilo la mwisho ndilo litakalokuwa jipya kwako.

Cheti cha kazi hiyo kiitwacho CMA hutolewa na AAMA, chama cha medical assistant wa Marekani. Njia ya kawaida ni kumaliza programu iliyoidhinishwa na CAAHEP au ABHES, taasisi mbili zinazokagua ubora wa mafunzo ya afya, kisha kufanya mtihani wa maswali 200 kwa dakika 160. Programu za CAAHEP zinadai saa zisizopungua 160 za mazoezi kwenye kliniki. Kabla ya kusaini, uliza kwa maandishi ni nani atakayetafuta kliniki ya mazoezi hayo: chuo, au wewe mwenyewe.