Minara ya kumbukumbu Iringa: anza Kalenga

Ndugu, umeuliza uone kumbukumbu zipi ukipita Iringa. Usiache Kalenga, kilomita chache tu kutoka mjini. Pale ndipo palipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, Wajerumani wakaibomoa kwa mizinga mwaka 1894. Ndani ya makumbusho limo fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mimi hunyamaza kabisa nikifika mbele yake. Tafadhali mwache mwongozaji amalize kusimulia, usikimbilie picha.

Ukitokea Dar, shuka kwanza Lugalo, kabla ya kufika Iringa mjini, uone mnara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani. Wahehe walimshinda hapo Agosti 1891, wengi wao wakiwa na mikuki. Inaniuma kuona mabasi yakipita bila abiria kuambiwa. Mjini yapo pia makaburi ya askari wa vita vya dunia.