Mwanafunzi kutoka nje: siku ya tatu mpe jembe

Kwa miaka kadhaa nilifundisha hisabati huku nikiwa mlezi wa wanafunzi waliotoka nchi nyingine. Ulezi huo nilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Mwaka wa kwanza nilijiona hodari: hafla ya kuwapokea, bendera ukutani, hotuba ya mkuu wa shule, picha ya pamoja. Wiki mbili baadaye nikamkuta binti mmoja wa kwenye picha ile anakula peke yake nyuma ya ngazi, begi mapajani, kama abiria anayesubiri basi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shule nyingi haziifikii hiyo siku ya tatu. Tunamkaribisha mtoto muhula wa kwanza, tunamkaribisha wa pili, na mtu anayekaribishwa kila siku haachi kuwa mgeni.

Ila jembe lisubiri kidogo, tuanze na jina. Mimi nilizoea kuyafupisha majina yaliyonishinda, nikijiambia ni mapenzi. Kumbe ni uvivu. Yule binti nilimwita pembeni, si mbele ya darasa, nikamwomba anitamkie lake polepole. Silabi nne. Nikaziandika kwenye daftari la mahudhurio vile ninavyozisikia mimi, na kila asubuhi nikawa nazisoma hivyo hivyo hadi ulimi ukazoea. Uliza pia jina lipi ni la mtu na lipi ni la ukoo. China, Korea na Hungaria la ukoo hutangulia. Kuna kijana niliyemwita kwa jina la ukoo wao nusu muhula mzima, naye kwa adabu zake akawa anaitika tu.

Kosa linaloniuma hadi leo ni la kalamu nyekundu. Mwanafunzi aliandika 2,5 nikamnyima alama. Jaribio lililofuata akaandika hivyo tena, nikamnyima tena. Sikujua kwamba Ujerumani, Ufaransa na kwingineko kwingi mkato ndio unaotenga desimali. Kwa Mjerumani, 1.500 ni elfu moja na mia tano, wala si moja na nusu. Mtoto alikuwa amepata, aliyekosea kusoma ni mwalimu. Nilimrudishia alama zake na nikamwomba radhi. Tangu hapo kila mwanafunzi mpya humpa hesabu moja ya kugawanya, anifanyie kwenye karatasi jinsi alivyofundishwa kwao. Namba zinapangwa kwa namna ambayo sijawahi kuiona, jibu ni lile lile. Dakika tano hizo hunieleza mengi kuliko faili lake.

Lugha nayo inataka subira. Mwaka 1979 mtaalamu Jim Cummins wa Kanada alitenganisha lugha ya maongezi ya kila siku na lugha ya masomo. Ya maongezi mtoto huiweza kwa kama miaka 2, ya masomo humchukua miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzake. Kwa hiyo yule anayetania vizuri uwanjani halafu anakwama kwenye swali la mtihani si mzembe. Mara nyingi amekwama kwenye maneno madogo, "angalau" au "isipokuwa", ambayo sisi hatuyaoni hata kama ni maneno. Na anayenyamaza miezi ya mwanzo mwache anyamaze, mradi anasikiliza. Usimsimamishe asome kwa sauti eti azoee.

Halafu kuna ile kauli tunayoitoa bila kufikiri: "Tafuteni vikundi." Kwa asiyejuana na mtu, sekunde thelathini hizo ni ndefu kuliko kipindi chote. Panga vikundi mwenyewe. Vivyo hivyo usimkabidhi mgeni kwa mwanafunzi bora wa darasa. Nilifanya hivyo, na yule bora akaichukulia kama kazi ya nyumbani: aliimaliza, akaiweka kando. Siku hizi naweka wawili, mmoja wao awe aliyefika mwaka uliotangulia, maana huyo bado anakumbuka ni mlango gani unaochanganya watu.

Siku ya mataifa iwepo kwa anayeitaka. Kuna kijana aliyeombwa awakilishe nchi aliyoondoka akiwa na miaka minne, akaja kuniuliza asemeje. Na wazazi msiwasahau: ripoti ya mtoto isitafsiriwe na mtoto mwenyewe. Sihitaji kueleza kwa nini.

Sasa jembe. Timu yetu ya mpira wa kikapu ilikosa mtu wa kuandika alama, nikampendekeza yule binti wa nyuma ya ngazi. Sikumwonea huruma. Nilikuwa nimeona daftari lake, tarakimu zimenyooka kama zimechapwa. Namba hazikumdai lugha. Mechi ya kwanza alikaa mezani bila kusema neno. Ya pili, wachezaji wakawa wanamjia wakihema: "Tuna ngapi? Nina faulo ngapi?" Akawa anajibu kwa vidole, kisha kwa maneno. Mechi ya nne nilimsikia akibishana na nahodha juu ya kikapu kilichokataliwa, na kwa kweli nahodha ndiye aliyekuwa amekosea. Hakuna aliyembembeleza. Walimpinga kama wanavyopingana wao kwa wao.

Muhula wa pili akashikwa na homa siku ya mechi. Wachezaji watatu walikuja ofisini kwangu mbio kuuliza yuko wapi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeielewa mistari ya daftari lile. Mmoja wao alilitaja jina lake, silabi zote nne.