Jibu: Kuwaachia mameneja maamuzi ya kila siku
Ndugu, umeuliza ufanyeje ili mameneja wako waache kukuletea kila jambo uliamue wewe. Sidhani kama tatizo linaanzia kwao, kwa sababu mtu asiyejua mamlaka yake yanaishia wapi hujikinga kwa kuuliza. Kwa wiki moja, andika kila uamuzi unaoletwa mezani kwako, kisha utenge unaoweza kutenguliwa bila hasara kubwa na ule usiotenguka kirahisi, mgawanyo ambao Jeff Bezos, mwanzilishi wa kampuni ya Amazon, aliueleza katika barua yake ya 2015 kwa wanahisa wake. Punguzo la bei, zamu za wafanyakazi na kumrudishia mteja fedha waachie wao, ila kwa ukomo ulioandikwa. Mikopo na mikataba mirefu baki nayo.

Meneja akija na swali lililo ndani ya mipaka yake, usimjibu, bali muulize yeye angeamuaje na kwa nini, kisha mwache atekeleze hata kama wewe ungefanya vingine (hapo ndipo wamiliki wengi hushindwa). Ukiutengua uamuzi wake mbele ya wafanyakazi, hata mara moja, kesho yake foleni itarudi mlangoni kwako.