Spidomita yasema 100, simu yasema 93

SWALI: Nina Toyota Premio iliyotumika kutoka Japani. Kwenye barabara ya mwendo kasi ya Kampala–Entebbe, mshale ukifika 100, GPS ya simu inaonyesha 93. Fundi anataka kubadilisha dashibodi nzima. Nimruhusu? — Msomaji, Entebbe

JIBU: Hapana, weka pesa yako. Spidomita hutengenezwa makusudi izidishe. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza mshale kuonyesha chini ya mwendo halisi, lakini inauruhusu kuzidi kwa asilimia 10 ya mwendo huo, na juu yake kilomita 4 kwa saa. Ukiwa unakwenda 93 kwa kweli, mshale ungeweza kusoma hata 106 bila kuvunja kanuni.

Kabla ya kumwamini yeyote, pima sawasawa. Jaza upepo tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tafuta kipande kilichonyooka, tambarare, chenye anga wazi. Shikilia mshale kwenye 50 kwa sekunde 15 hivi, kisha 80, kisha 100. Abiria asome simu. Mshale usome wewe mwenyewe. Yeye amekaa kushoto, na kwa kuwa mshale uko mbele kidogo ya namba, atauona umesogea kulia, kwenye namba kubwa zaidi. Ukiwa unaongeza mwendo au kukanyaga breki, usiandike kitu: simu huchelewa sekunde moja au mbili.

Sasa tazama tofauti. Ikiwa ni asilimia ileile kila mahali, mfano 46.5 kwenye 50 na 93 kwenye 100, chunguza kwanza ukubwa wa tairi na jinsi zilivyolika. Tairi ya 195/65R15 ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 634 hivi. Meno yakilika kutoka milimita 8 hadi 1.6, kipenyo hupungua karibu milimita 13, yaani asilimia 2, na mshale huzidisha kwa kiasi hichohicho. Ikiwa tofauti ni kilomita zilezile kwenye 50 na kwenye 100, mshale wenyewe ndio umewekwa mbele.

La kuogopa ni kinyume chake: GPS kuwa juu ya mshale. Kwenye magari ya zamani hutokea baada ya kufunga giaboksi nyingine, kwa mfano ya kununua Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, kama gia ndogo ya plastiki inayozungusha kebo ya spidi ina idadi tofauti ya meno. Hapo mwambie fundi arudishe gia ya zamani. Dashibodi haina kosa. Mshale ukitetemeka, mara nyingi kebo imekauka au imepinda.

SWALI: Nimetoa tairi za 195/65R15 nikafunga 215/65R15. Je, nimeharibu hesabu? — Msomaji, Mbarara

JIBU: Ndiyo, kwa asilimia 4, kwa kuwa kipenyo cha tairi mpya ni kikubwa zaidi. Kama zamani mshale wa 100 ulikuwa 95 halisi, sasa ni karibu 99, kwa hiyo ile akiba ya kiwandani imekaribia kwisha. Bunduki ya spidi ya askari wa trafiki hupima gari, haipimi dashibodi yako. Kihesabu kilomita nacho kinapunja: kikiandika 5,000, umeshatembea kama 5,200, basi badilisha oili mapema kidogo. Hakikisha pia tairi haigusi bodi ukikata kona hadi mwisho.

SWALI: Katikati ya Kampala GPS yangu inarukaruka, mara 20, mara 45. — Msomaji, Kampala

JIBU: Mawimbi ya satelaiti yanagonga maghorofa kabla ya kufika kwenye simu. Usipime hapo. Toka nje ya mji, weka simu karibu na kioo cha mbele, subiri dakika mbili itulie.